Chupa Nzima Inavunjwa ya Nini?

Jumapili, Agosti. Machakos mjini.

Baridi imekataa kuondoka. Tangu asubuhi vilima vya Iveti vimejifunika ukungu, na jua limechungulia mara moja tu nikiwa bado Masii, halafu likarudi ndani kama halitutaki. Nimekaa kitandani na sweta mbili na soksi za kazini. Kichwa hakiko sawa. Sio kuumwa. Ni kuchanganyikiwa, ile ya mtu ameingia chumbani akasimama katikati, hajui alikuja kuchukua nini.

Wacha nianze na jana, maana jana ndiyo imeniharibia leo.

Jana nilifanya ule mtihani wa Kiingereza. Wewe shajara umenivumilia nikiulilia mwaka mzima, lakini wacha niseme tena nijisikie mwenyewe: mimi ni nesi katika zahanati ndogo hapa mjini. Hospitali moja ya ng'ambo imekubali kunichukua, kwa sharti kwamba nipite mtihani huu, na nafasi yenyewe haingoji mtu. Nikipita naenda. Nikienda, Mwende wangu wa miaka mitano anabaki Masii na babu na nyanya yake, mpaka nitulie. Hilo neno "nitulie" nimelisema kwa watu wengi sana. Hakuna aliyeniuliza lina urefu gani, na mimi mwenyewe sijawahi kujiuliza.

Sehemu ya kusikiliza ilienda vizuri. Kuna jamaa alikuwa anakodisha baiskeli na mwingine anamwelekeza njia, nikawafuata wote wawili bila shida. Kusoma pia, sawa tu. Halafu kukaja kuandika, na kwenye skrini ikatokea picha ya chupa.

Chupa za glasi. Mchoro wa kuonyesha jinsi chupa zilizotumika zinavyogeuzwa kuwa chupa mpya. Urejelezaji, neno ambalo mimi hulisikia kwenye taarifa ya habari peke yake. Kulikuwa na mapipa, lori, mahali chupa zinaoshwa kwa maji ya nguvu, mashine ya kuvunja, tanuru, kalibu za kutengenezea chupa, na mwisho rafu ya duka, chupa zimejaa zimepangwa vizuri. Mishale kila mahali. Hakuna mtu hata mmoja kwenye picha nzima, sijui hizo chupa zilikuwa zinajibeba. Kazi yako ni kueleza hatua kwa hatua kinachotendeka. Basi.

Mwalimu Kioko, aliyetufundisha kwenye kile chumba cha juu ya duka la dawa, alikuwa na wimbo mmoja: "Andika unachoona. Usituandikie unachojua." Aliupiga kwa kiganja juu ya meza mpaka kalamu zinaruka. Tulikuwa tunamcheka. Tulidhani ni yale maneno walimu husema ili saa iishe.

Sasa sikia nilichofanya.

Mimi ni mtoto wa duka. Nimezaliwa na kulelewa nyuma ya kaunta ya Baba pale Masii, kati ya magunia ya mahindi na kreti za soda. Na kwa Baba chupa ya soda ni kitu kinachokwenda na kurudi. Lori linakuja, linachukua tupu, linaleta zilizojaa. Zinaoshwa huko zinakooshwa, zinajazwa, zinarudi. Zingine zilirudi mara nyingi hivi kwamba zilikuwa na mkwaruzo mweupe tumboni, na sisi watoto tuliziita wazee. Ukipewa soda ya mzee, wenzako wanakucheka. Iliyovunjika ndiyo pekee haikurudi, na aliyeivunja alijulikana, na siku hiyo usingependa kuwa yeye.

Kwa hivyo nilipoona pale chupa zinaoshwa, mkono ukaandika wenyewe. Nikasema zile nzima zikishaoshwa zinajazwa na kurudishwa madukani, na zile zilizovunjika ndizo zinapelekwa kwenye mashine, zinasagwa, zinayeyushwa, zinatengenezwa upya. Njia mbili. Nikaeleza kwa raha zangu, na viunganishi vyote Mwalimu Kioko alivyotukaririsha nikavitumia. Nilimaliza mapema. Nikaangalia watu wengine vile wanahangaika na mishale yao, nikawaonea huruma. Hiyo huruma sasa naiomba irudi nyumbani.

Nilipotoka, Faith, ambaye naye alifanya mtihani huo huo, alikuwa ananingoja nje. Faith ni nesi mwenzangu, tuko zamu pamoja, na yeye pia anatafuta hiyo hiyo njia ya kutoka. Akaniambia picha ilikuwa rahisi, ni kufuata mstari tu, chupa zinaoshwa, zinavunjwa zote, zinayeyushwa.

"Zote?" nikauliza.

"Zote."

"Zile nzima si zinajazwa?"

Faith aliniangalia vile sisi wawili huangalia mgonjwa aliyejitibu wiki mbili kwa dawa za jirani.

"Zinajazwa na nani?" akasema. "Mumbua, ulikuwa unaangalia picha gani?"

Na hapo ndipo nilipochanganyikiwa, na bado sijarudi. Kwa sababu mimi nakumbuka mshale umegawanyika. Nauona. Hapo kwenye maji, tawi moja linapanda juu kwenda dukani na lingine linashuka kwa mashine. Faith anaapa mshale ulikuwa mmoja. Nimejaribu kuichora ile picha nyuma ya karatasi ya unga, nikachora tena nyuma ya kalenda ya zahanati, na kila nikichora inatoka tofauti. Skrini ilishazimwa, hakuna wa kumuuliza. Mtu anawezaje kukaa na picha mbele yake muda wote ule na asijue kama mshale aliuona au aliuweka?

Ningekuwa nimekosea Kiingereza, ningeelewa. Kiingereza si cha mamangu. Lakini nimekosea chupa!

Halafu kuna jambo lingine, na hili sikumwambia Faith. Aliposema "zote", kabla sijaanza kujilaumu, kabla sijafikiria hospitali wala kitu chochote, kuna kitu kililegea hapa kifuani.

Nilifurahi.

Ilikuwa kidogo, kama mtu kuvua kiatu kinachobana. Halafu aibu ikanijia mbio. Mtu anasoma mwaka mzima, anaomba na kufunga, kanisa zima linamuombea kwa jina, halafu akisikia huenda ameanguka anafurahi? Huyo ni mtu wa aina gani? Usiku mzima nikawa najibishana naye, na bado hajanijibu.

Leo nikaenda Masii. Mwende amekuwa huko tangu shule zifungwe, ili mimi nisome kwa utulivu, na mpango ulikuwa abaki huko huko. Muhula wa tatu angeanzia shule ya pale karibu na soko. Mama alishampimia sare. Tulikubaliana azoee mapema, ili siku yangu ya kuondoka ikifika isiwe kilio. Wote tuliona ni busara. Mimi ndiye niliyeitoa hiyo busara.

Nilimkuta juu ya kigoda nyuma ya kaunta, anauzia watu peremende na kuwafokea. Amenenepa. Amejua kusema Kikamba cha sokoni, kile cha kubishana. Alinikumbatia, halafu akanishusha mikono kwa sababu mteja amefika. Mimi mamake! Nikaambiwa ningoje.

Tulikula muthokoi wa Mama, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, na baada ya kula Baba akataka habari za mtihani. Baba huniita Mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyepewa jina la mamake. Kwa hivyo hata akinigombeza, hugombeza kwa adabu. Nikamweleza picha yote, mapipa, lori, maji. Nilipofika kwenye mashine akaweka kikombe chini.

"Chupa nzima inavunjwa ya nini?"

"Ndio itengenezwe nyingine, Baba."

"Nyingine ya nini na hiyo iko?"

"Ni mchoro tu, Baba. Huko kwao wanafanya hivyo."

"Hao watu hawana akili. Chupa haina makosa! Imeoshwa, iko safi, unaichukua unaivunja? Mwaitu, wewe umeandika ukweli. Wakikuangusha wajue wameangusha ukweli."

Woi, Baba. Nilicheka mpaka nikatoa machozi, na nikajua hakuna msaada nitakaopata katika nyumba hii. Nikamwambia mtihani hauulizi ukweli, unauliza picha. Akasema basi huo si mtihani, huo ni mchezo wa watoto. Mwende akakubaliana naye kwa kichwa, mdomo umejaa.

Baba akishapanda hapo kwenye chupa hashuki. Akaanza ile hadithi yake. Kila mtu Masii anaijua, lakini wewe shajara sijui kama nimewahi kukupa.

Sheria ya duka la Baba ni moja: chupa haitoki bila kitu kubaki. Ukitaka kwenda na soda yako nyumbani, leta chupa tupu, na kama huna, acha kitu. Watu wameacha jembe. Wameacha kiatu kimoja wakaenda wakichechemea. Kuna mzee wa kanisa aliacha Biblia. Baba habagui, hata pasta, hata dada yake wa kuzaliwa. Hata mimi! Nikitaka soda pale nainywa nikiwa nimesimama, namaliza, natia chupa kwenye kreti, ndio naenda. Mpaka leo, na mimi nesi mzima.

Basi siku moja ya soko, nikiwa mdogo, mama mmoja akaja mbio. Wageni wa kuleta mbuzi wa mahari ya dada yake walikuwa wameshaketi, na hakuna cha kuwapa. Alitaka soda nyingi. Hana chupa hata moja, hana kitu mkononi, ana mtoto mgongoni tu. Baba akasema sheria ni sheria. Yule mama akamwangalia, akafungua kanga, akamweka mtoto juu ya kaunta katikati ya mizani na mkate. "Shika huyu," akasema. Akabeba soda zake akaenda.

Hapo ndipo watu hucheka. Baba huigiza vile alivyobaki ameshika mtoto wa wenyewe, anamtazama kama mzigo usioandikwa bei. Na mwisho wake ni kwamba yule mama alirudi, jasho linamtiririka, na kikapu cha chupa tupu kichwani, zote nzima. "Sijawahi kupata dhamana nzuri kama hiyo," Baba humalizia. Leo pia alimalizia hivyo, na akajipiga goti.

Mimi sikucheka. Sijui kwa nini. Hadithi hii nimeichekea maisha yangu yote.

Mwende alikuwa anamsikiliza vizuri sana.

"Guka," akauliza, maana hilo ndilo jina la babu alilolikuta kwa watoto wa jirani, "na mtoto alilia?"

"Hakulia," Baba akasema. "Nilimpa biskuti. Alitulia tu."

Mama alikuwa mlangoni anaosha masufuria na hakugeuka.

"Alilia," akasema. "Wewe ulikuwa nje unapanga kreti. Mimi ndiye nilimshika. Biskuti alitupa chini. Alilia mpaka akakosa sauti, na mamake aliporudi, mtoto hakumtambua haraka, alikuwa amechoka kulia. Wewe hujui. Ulikuwa nje."

Baba akachukua kikombe, akakuta chai imeisha, akanywa hivyo hivyo. Mimi sijawahi kumwona Baba akisahihishwa katika hadithi yake mwenyewe. Na Mama akaendelea kusugua sufuria, na nikafikiria, amekaa na kilio hicho miaka yote hii, akisikia watu wakicheka.

Saa ya kuondoka ikafika. Mkoba wangu begani, Mwende ameshajua kwamba yeye haendi nami, anabaki dukani. Alikuwa mtulivu. Utulivu wake nilikuwa nimeuhesabu kama baraka. Baba akaenda kwa friji akatoa soda, ya machungwa, ile nilipenda tangu utotoni, na hakuifungua. Akanipa mkononi.

"Ya njiani," akasema.

"Baba, sina chupa."

"Nimekuuliza chupa? Nenda. Utairudisha."

Nilisimama pale nikiwa nimeishika, baridi yake inaingia kwenye vidole. Chupa ilikuwa mzee, mkwaruzo mweupe tumboni. Baba anatazama barabarani kama kuna kitu huko. Najua alichokuwa anafanya. Hana maneno mengine ya kusema nenda na urudi, ana hayo tu. Ningelia hapo hapo lakini Mwende akaingilia.

Alipanda kigoda chake. Akaweka mikono juu ya kaunta, kama Baba, sheria ni sheria.

"Mama anaacha nini?"

Baba akacheka kidogo. "Mama haachi kitu. Huyu ni wetu."

Mwende hakuridhika. Akaangalia mkoba wangu, akaangalia viatu vyangu, vyote viwili viko miguuni. Akaangalia chupa. Nilimwona anahesabu kichwani, mtoto wa duka, damu yangu kabisa. Halafu akauliza polepole, hakuwa amekasirika, alikuwa anataka tu kujua.

"Anaacha mimi?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na taulo la vyombo.

Sijui ni nini kiliniingia. Mimi ni mtu wa mipango, unajua, nina kalenda ukutani na rangi zake. Lakini nilienda chumba cha nyuma nikatoa begi lake lile la sungura, nikatia nguo bila kuzikunja, nikatia na ile sare mpya ambayo hata haijavaliwa, sijui ya nini. Mama hakuniuliza. Alikuja akanisaidia kufunga zipu. Alisema tu, "Sweta yake iko kwa kamba, bado ni mbichi kidogo."

Kwa hivyo sasa tuko hapa, yeye na mimi na sweta mbichi nyuma ya kiti. Kesho nina zamu ya asubuhi na sina wa kumwachia. Faith amenitumia ujumbe kwamba nimerukwa na akili, kwamba mtoto angezoea, kwamba wote huzoea. Pengine ni kweli. Kama nimepita, nitafanya nini? Hospitali haitaniuliza kuhusu biskuti. Kama nimeanguka, nitajuaje kama niliangushwa na picha au nilijiangusha? Na ile furaha ya jana, ilikuwa woga, au ilikuwa akili? Nimeandika yote haya nikidhani nikifika chini nitakuwa nimeelewa. Sijaelewa. Nimekuwa mwaka mzima nikieleza maisha yetu hatua kwa hatua, mama anaenda, mtoto anabaki, mama anatulia, mtoto anafuata, mishale mizuri kabisa, na hakuna mtu hata mmoja kwenye picha.

Mwende ameuliza kama kesho tunarudi kwa Guka. Nimemwambia Jumamosi. Akauliza kama ni lazima abaki. Nimemwambia hapana, tunapeleka chupa, tunarudi.

Tulikunywa ile soda tukigawana kwa kikombe kimoja. Chupa nimeiosha, nimeifuta, iko mezani karibu na kalenda. Yeye ameisogeza katikati ili isianguke, na sasa amekaa hapo mbele yake ameshika kidevu, anailinda.